Uzi: Kabla hujanunua graniti ya kaunta au ngazi, amua kwanza ukingo wake

Fundi Mawe Ligula (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za huku kusini.

Mimi ni fundi wa mawe hapa Mtwara mjini, karakana yangu iko Ligula. Nakata na kusaga graniti na marumaru kwa ajili ya kaunta za jikoni, ngazi, meza za bafu na mawe ya chini ya madirisha. Wiki iliyopita niliitwa Shangani kuangalia kaunta ambayo si mimi niliyeiweka. Jiwe zuri, jeusi, limelazwa vizuri, ukiweka pima maji povu linatulia katikati. Ila ukingo waliuacha vilevile ulivyotoka kwenye msumeno. Mtoto wa miaka 4 alikuja mbio kutoka uani, akajigonga paji la uso kwenye kona, akapelekwa kushonwa. Nilipofika nilikuta mama yake ameizungushia kona ile kipande cha kanga na kuikaza kwa selotepu.

Nilikaa pale saa 3 nasaga. Njiani nikirudi nikawa nawaza ni kaunta ngapi za namna hiyo ziko mjini kwetu, maana nyumba zinajengwa kwa kasi na kila mtu sasa anataka graniti. Ndiyo nimeona nianzishe uzi huu. Watu wanachagua rangi ya jiwe kwa wiki mbili nzima, halafu ukingo wanamwachia fundi aamue siku ya kuweka. Wakati huo bamba limeshakatwa na unene hauwezi kubadilika tena.

Tuelewane kwanza kwenye majina. Huku kwetu mtu akisema "marumaru" mara nyingi ana maana ya tailizi yoyote inayong'aa. Mimi hapa nikisema marumaru nasema jiwe lenyewe la asili, ambalo lilikuwa mawe ya chokaa kabla joto na mgandamizo wa ardhini havijalibadilisha. Graniti, wengine wanaiita itale, ni jiwe lililotokana na uji wa moto uliopoa taratibu chini sana ardhini. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, marumaru iko kwenye 3 hivi, graniti kati ya 6 na 7. Kisu cha kawaida kinaikwaruza marumaru, graniti hakiiwezi. Ukingo wa marumaru kwa hiyo unasagika upesi na unapata majeraha upesi vilevile. Graniti inakuchosha mikono, lakini ukishamaliza umemaliza.

Sasa kingo zenyewe, jinsi sisi mafundi tunavyozitaja:

Kuua makali. Hii ndiyo ya chini kabisa ambayo jiwe lolote linalofikiwa na mkono wa mtu linatakiwa kuwa nayo. Unaondoa ule wembe wa juu na wa chini, milimita 1 au 2 tu, ukingo unabaki umesimama wima. Mteja asipolipia chochote kingine, hili lazima fundi alifanye. Kwangu mimi ni wajibu kama kufunga kifuniko cha shimo ulilochimba.

Chamfa. Ni kuua makali kwa ukubwa wa kuonekana, mkato wa nyuzi 45 wenye upana wa milimita 3 hadi 5. Unaonekana safi na wa kisasa, na kazi yake si ndefu.

Pensili. Kona ya juu inakuwa duara dogo kama mgongo wa penseli, nusu kipenyo milimita 3 hivi. Hii naipenda kuliko zote kwa jikoni, nitaeleza baadaye kwa nini.

Nusu bulinozi. Juu inazungushwa kwa duara kubwa linaloshuka mpaka karibu na chini, chini panabaki bapa. Bulinozi kamili ni juu na chini zote, ukiangalia kwa ubavuni unaona nusu duara. Jiwe la milimita 20 linakupa duara la nusu kipenyo milimita 10.

Ojii. Ule ukingo wenye mawimbi, unapanda na kushuka kama herufi S. Unataka biti maalumu ya mashine, unataka jiwe nene, na unataka mteja mwenye subira.

Kuna pia kingo za kuunganisha. Bamba la milimita 20 unalibandikia ukanda wa jiwe hilohilo kwa chini ili lionekane la milimita 40. Au unakata jiwe nyuzi 45 na kulikunja kwa gundi ya epoksi, kwa mbele linaonekana kama gogo zima. Zikifanywa vizuri zinapendeza sana. Zikifanywa vibaya, ule mstari wa gundi utakuangalia kila unapokunywa chai.

Karibuni kwa maswali. Nitajibu jioni nikitoka kazini.

---

Mama Wawili Lindi

Shikamoo fundi. Umenigusa maana nami nina wawili wadogo.

Najenga huku Lindi, jikoni ndiyo tunamalizia. Bamba zima la graniti bajeti imekataa, nimenunua tailizi za graniti za 60 kwa 60, unene ni milimita 10. Fundi wangu anasema ukingo wa mbele ataziba na ile trimu ya aluminiamu. Mimi trimu siitaki, ya dada yangu imeingia mafuta kwa ndani na haisafishiki. Kuna njia nyingine?

---

Fundi Mawe Ligula

Marahaba dada yangu. Ipo, na ni nzuri.

Kwanza hakikisha ulichonunua ni graniti ya kweli. Geuza tailizi uangalie ubavuni. Ukiona punje na rangi zilezile za juu zinaendelea mpaka chini, hilo ni jiwe. Ukiona juu kuna ngozi nyembamba yenye picha na chini ni udongo wa rangi moja, hiyo ni poseleni. Poseleni ni kitu kizuri lakini ukiisaga ukingo unakutana na rangi ya ndani, ile picha haikufuati. Ndiyo maana ya trimu: kuficha ubavu usio na sura. Jiwe la asili halina cha kuficha.

Kama ni graniti, mwambie fundi akate vipande vya upana wa sentimita 4 kutoka kwenye tailizi hizohizo, avibandike mbele vikiwa vimesimama wima kwa epoksi, halafu ile kona ya juu ambapo vinakutana aizungushe kwa pensili ndogo na kuing'arisha. Utapata kaunta inayoonekana nene na trimu hutaiona. Asithubutu kupiga bulinozi kamili kwenye milimita 10. Duara linakuwa dogo mno, linakaribia kuwa makali lenyewe, sufuria ikigonga linameguka.

Jambo moja zaidi: viungo vya vile vipande vya mbele vilingane na viungo vya tailizi za juu. Visipolingana jicho haliachi kuviona.

---

Korosho Ghafi

Fundi heshima kwako. Niko Newala. Msimu huu korosho zikienda vizuri nataka kumaliza ngazi za nje na za ndani. Jirani yangu ameweka ojii kila kipandio, nyumba imekuwa kama hoteli. Na mimi nataka hivyohivyo. Unanishauri unene gani?

---

Fundi Mawe Ligula

Kaka, nitakwambia kile ambacho ningemwambia ndugu yangu wa tumbo moja: ojii weka kwenye meza ya sebuleni, kwenye ngazi usiweke.

Ojii ina mdomo mwembamba unaotokeza mbele. Kwenye ngazi mdomo huo ndio unaopokea kisigino, ndoo ya maji, mguu wa kitanda siku ya kuhama. Ukimeguka sehemu moja, hauzibiki bila kuonekana. Kisha yale mabonde yake yanashika vumbi, na vumbi jekundu la uwanda wa Newala unalijua, likiingia humo linataka mswaki wa meno.

Kwa ngazi za ndani chukua jiwe la milimita 30, au la 20 lenye ukanda uliobandikwa chini, upige nusu bulinozi. Kipandio kitokeze mbele ya ukuta wake sentimita 2 hadi 3, zaidi ya hapo vidole vya wazee vinanasa wakati wa kupanda. Kwa nje usiweke jiwe linalong'aa kabisa. Mvua ikinyesha linateleza kama sabuni. Omba jiwe lililochomwa moto juu, lile lenye uso wa kukwaruza, na ukingo wake uuawe makali tu. Kama umeshanunua linalong'aa, fundi akuchoree mifereji 2 au 3 myembamba karibu na ukingo kwa diski ya almasi, mguu upate pa kushika.

Bei mnapatana kwa mita ya urefu, na kila fundi ana yake. Kwangu mita moja ya kuua makali ni dakika chache, nusu bulinozi inakula karibu saa nzima kwa mkono, ojii ni zaidi ya mara mbili ya hapo. Ukiona mtu anakutajia bei moja kwa zote, muulize atazifanyaje.

---

Mwana Kilwa

Nimesoma uzi huu mpaka nimeamua nijiunge niandike.

Mimi si fundi, lakini nimekulia Kilwa Masoko na Kisiwani naenda tangu mtoto. Watu wanaangalia yale magofu kwa ukubwa wake tu. Siku ukienda Msikiti Mkuu au Husuni Kubwa, sogea karibu na miimo ya milango na mihrabu. Kuta zenyewe ni vipande vya mawe ya matumbawe yaliyochimbwa nchi kavu, yamepangwa kwa chokaa na kupakwa lipu. Lakini pale kwenye miimo, kwenye matao, kwenye kona za mlango, wameweka jiwe tofauti kabisa: tumbawe laini la baharini lenye punje ndogo, lile linaloitwa porites. Lilikuwa linachongwa likiwa bado bichi, linakatika vizuri, likikauka linakuwa gumu na kushika mstari. Husuni Kubwa ni ya karne ya 14, na kuna kingo pale ambazo hadi leo ukipitisha kidole unasikia mstari.

Fundi anaposema uamue ukingo kwanza, nakumbuka hilo. Mafundi wale walikuwa na mawe ya aina mbili, na lile zuri walilipeleka kwenye kingo, mahali mkono unapogusa na bega linapopita. Ukutani popote waliweka lolote na kulifunika kwa lipu.

Nimalizie na ombi. Kuna watu wanachukua vipande kwenye magofu kupambia bustani. Ule ni urithi wa dunia tangu mwaka 1981, pamoja na Songo Mnara. Tusifanye hivyo. Na tumbawe bichi la baharini nalo tuliache, ndilo nyumba ya samaki tunaowala.

---

Fundi Mawe Ligula

Mwana Kilwa, umenifundisha. Nimefika Kisiwani mara mbili na sikuwahi kulitazama kwa jicho hilo. Nikipata nafasi baada ya mvua nitakwenda na vijana wangu wa karakana wapitishe vidole waone, ila bila kukwangua chochote.

---

Grenda Masasi

Kaka Ligula, mimi ni mwenzio, nipo Masasi, mwaka wa 9 huu kwenye mawe. Mengi nakubaliana nawe. Lakini naona kila mahali watu wanasema msage kwa maji. Saiti nyingi huku maji ni ya kununua kwa ndoo, na nyumba ikishapakwa rangi mwenye nyumba hataki tope jeupe ukutani. Mimi nasaga kikavu, nafunga kitambaa puani, kazi inatoka inang'aa. Shida iko wapi?

---

Fundi Mawe Ligula

Kaka yangu, swali lako ni zito kuliko yote kwenye uzi huu, na nitalijibu kwa urefu.

Graniti ndani yake ina kwatzi, ndizo zile punje zinazometameta kama kioo. Kwatzi ni silika. Ukisaga kikavu inatoka vumbi jembamba ambalo sehemu yake huioni kwa macho, na hiyo usiyoiona ndiyo inayofika ndani kabisa ya mapafu. Ikifika haitoki. Mapafu yanajijengea makovu kuizunguka, na makovu hayo hayafundishiki tena kupumua. Ugonjwa huo ni silikosisi, hauna dawa ya kuuponya, na unaweza kuendelea hata baada ya mtu kuacha kazi. Unamfungulia pia mlango kifua kikuu. Kitambaa hakiuzuii, vumbi hilo linapita kwenye nyuzi zake kama maji kwenye chujio.

Yale mawe ya kutengenezwa kiwandani kwa punje za kwatzi na gundi ni hatari zaidi, maana mengi yana silika zaidi ya asilimia 90. Australia walifika mahali wakayapiga marufuku kuanzia tarehe 1 Julai 2024, kwa sababu vijana wakataji walikuwa wanaugua. Huku kwetu yameanza kuingia. Akikuletea mteja, ujue umeshika nini. Marumaru halisi ina silika kidogo sana, lakini vumbi lake nalo si la kuvuta.

Sasa tunafanyaje bila maji ya kutosha? Mimi natumia chupa ya lita moja na nusu, natoboa kifuniko tundu dogo, kijana anadondoshea pale pedi, ile diski ya kusagia inayofungwa kwenye grenda, inapopita. Mita nzima ya nusu bulinozi hainimalizii ndoo. Naning'iniza turubai nyuma ya kaunta, tope linaishia hapo. Kazi yote inayowezekana naimalizia karakana, saiti naenda kuweka tu na kugusia. Pale ambapo haikwepeki, navaa barakoa ya kuzuia chembe, ile inayobana uso, wala si ya kitambaa. Na ukitumia maji, umeme upite kwenye sakitibreka inayokata haraka umeme ukivuja, grenda iwe ile iliyotengenezwa kwa kazi ya maji. Wengi wanakimbia vumbi wakaangukia kwenye umeme.

Hata kazi yenyewe inakuwa bora. Pedi za resini zikipata moto bila maji zinaacha rangi kwenye jiwe, na kwenye jiwe jeupe doa hilo litakutesa kulitoa.

Miaka 9 bado una nguvu kaka. Nenda ukapige picha ya kifua hospitali, useme kazi unayofanya. Nakuomba.

---

Grenda Masasi

Nimekuelewa. Kikohozi cha asubuhi ninacho, nilidhani ni baridi ya mlimani. Wiki ijayo nakwenda.

---

Binti Mikindani

Fundi, mimi tatizo langu ni tofauti. Niliwekewa kaunta nyeusi kabisa, juu inang'aa kama kioo, lakini ukingo ni kama kijivu, umefifia. Aliyeweka alipaka kitu kama nta, ukang'aa mwezi mmoja, sasa umerudi ulivyokuwa. Na juu karibu na jiko pameanza kupauka. Ni jiwe bovu au kazi mbovu?

---

Fundi Mawe Ligula

Dada Mikindani, inawezekana ikawa yote mawili, na unaweza kupima mwenyewe.

Kuhusu ukingo: mng'ao wa jiwe hautokani na kupaka, unatokana na kusaga kwa ngazi. Unaanza na pedi namba 50 kuondoa alama za msumeno, kisha 100, 200, 400, 800, 1500, 3000, halafu pedi ya kumalizia. Kazi ya kila pedi ni kufuta mikwaruzo iliyoachwa na ile ya kabla yake. Fundi akiruka kutoka 100 kwenda 800 ili awahi, ile mikwaruzo ya 100 inabaki chini ya mng'ao, na ndiyo hiyo unayoiona kama ukungu wa kijivu. Kwenye jiwe jeusi haijifichi. Nta inaijaza kwa muda tu. Dawa ni kurudi nyuma, kwa kawaida mpaka 200, na kupanda upya bila kuruka. Mimi kila baada ya pedi nafuta maji, nakausha, namulika tochi kwa ubavuni. Mikwaruzo ikiwa yote ya upande mmoja na ya ukubwa mmoja, napanda. Nikiona mmoja mkubwa umebaki, sipandi.

Kuhusu juu kupauka: kuna mawe ya kijivu yanayopakwa rangi nyeusi kiwandani yauzwe kama meusi. Chukua kitambaa cheupe, kilowe asetoni, ile ya kuondolea rangi ya kucha, sugua mahali pasipoonekana. Kitambaa kikitoka cheusi, jiwe lilipakwa. Hapo hata nikisaga ukingo vipi, utaonyesha rangi yake ya kweli, na juu itaendelea kupauka. Kikitoka cheupe, jiwe lako ni zima na tatizo ni la ukingo peke yake, linarekebishika palepale lilipo.

Kuna kipimo kingine kwa wote: tone la ndimu. Liache dakika 15 kwenye kipande cha jiwe kabla ya kununua, ufute. Likiacha alama iliyofifia, hiyo ni marumaru au jiwe jingine la chokaa, hata muuzaji akisema graniti. Sisi watu wa pwani ndimu na ukwaju haviishi jikoni, kwa hiyo kipimo hiki kwetu ni cha lazima.

---

Binti Mikindani

Nimesugua sasa hivi nyuma ya sinki. Kitambaa ni cheupe. Alhamdulillah. Nakutafuta faragha tupange siku.

---

Naliendele Kwetu

Naomba niulize kidogo. Mawe ya chini ya madirisha, nimeweka graniti nje, na bado mvua ikinyesha kuna michirizi myeusi inashuka ukutani chini ya kila dirisha. Nimepaka rangi mara 2 ndani ya mwaka.

---

Fundi Mawe Ligula

Mkuu, piga magoti uangalie chini ya jiwe. Nina hakika kubwa hakuna mfereji wa matone.

Maji yakifika kwenye ukingo hayaanguki moja kwa moja. Yanashikilia jiwe, yanakunja kona, yanarudi kwa chini mpaka yanaupata ukuta, yanashuka na uchafu wote. Ndiyo michirizi hiyo. Dawa ni mfereji mmoja chini ya jiwe, upana wa milimita 8 hivi, kina milimita 5, uwe sentimita 2 kutoka ukingo wa mbele. Tone likifika hapo haliwezi kuvuka, linadondoka. Jiwe litokeze nje ya ukuta angalau sentimita 4 na liinamie nje kidogo. Na hapa bulinozi kamili ni adui, kwa sababu ule mviringo wa chini ndio unaoyasindikiza maji yarudi ndani. Ukingo wa nje wa dirisha uwe wima, umeuawa makali, basi.

Kama mawe yametokeza vya kutosha, mfereji unaweza kuchongwa bila kuyabandua. Ni kazi ya mikono juu, inachosha, lakini inafanyika.

Kwa walio karibu na bahari nina nyongeza moja: msitumie diski iliyotoka kukata nondo kwenye jiwe. Chembe za chuma zinajikita kwenye vinyweleo vya jiwe, hewa ya chumvi inazipata, baada ya wiki chache unaona vidoa vya kutu na kudhani jiwe linaoza.

---

Kijana wa Mpingo

Fundi umesema mwanzoni pensili ndiyo unayoipenda kwa jikoni na kwamba utaeleza. Hujaeleza.

---

Fundi Mawe Ligula

Kweli, asante kwa kunikumbusha.

Jikoni ukingo unafanya kazi tatu kwa wakati mmoja. Unagusana na tumbo na mikono ya anayepika siku nzima, unagongwa na masufuria, na unapangusiwa makombo. Bulinozi kamili ni laini mwilini lakini maji yakimwagika juu yanafuata mviringo mpaka kwenye droo za chini, na glasi ikiwekwa karibu na ukingo inateleza kwa sababu bapa imeisha mapema. Chamfa ina kona mbili ndogo pale mkato unapoanzia na kuishia, ambazo kwenye marumaru hasa zinameguka. Pensili inaondoa makali yote, inaacha jiwe bapa mpaka karibu na mwisho, na ikimeguka kidogo inasagika upya kwa nusu saa bila kubadilisha sura. Kisha inawezekana kwenye unene wowote.

Kuna kona pia, zile za kaunta ukiangalia kutoka juu. Hapo ndipo yule mtoto wa Shangani alipoumia. Ukingo unaweza kuwa laini na kona bado ikawa mkuki. Mimi naweka kitako cha chupa ya soda kwenye kona, nachora kwa penseli, nakata na kusaga mpaka mstari. Kwa nyumba yenye watoto sipungui hapo.

Na kwa jina lako nadhani unachonga. Mjomba wangu alikuwa mchongaji huko Kitangari, alinifundisha kufumba macho na kupitisha upande wa juu wa vidole, kwa sababu ngozi ya huko haijakomaa kwa kazi. Jicho linadanganywa na mng'ao, ngozi ile haidanganywi. Hadi leo sikabidhi ukingo kabla sijafanya hivyo.

---

Kijana wa Mpingo

Ni hivyohivyo kwetu. Babu anatumia shavu.

---

Mama Wawili Lindi

Fundi narudi na habari. Nimeongea na mume wangu, tailizi tutazipeleka bafuni, kaunta tunachukua bamba zima, tutaacha geti mpaka mwakani. Ukingo pensili, kona chupa ya soda. Bamba tunaagiza Dar, linakuja kwako Mtwara kusagwa, halafu tunalirudisha Lindi kwa pikapu. Kaunta ni mita 2.4 kwa sentimita 60. Naogopa safari, mwaka ule wa kimbunga Hidaya barabara ilipokatika Mei 2024 vitu vyetu vilikaa njiani na vingine vikafika vimevunjika.

---

Fundi Mawe Ligula

Dada, umeamua vizuri. Na msilitoe bamba Dar kulipitisha Lindi kuja Mtwara kisha kulirudisha, mnalipa barabara mara mbili. Lishusheni Lindi, mimi nitakuja na mashine na kijana mmoja, uani kwenu panatosha kama kuna umeme na pipa moja la maji.

Uzito ujipange: graniti ya milimita 20 ni kama kilo 54 kwa mita moja ya mraba, kwa hiyo kaunta yako inakaribia kilo 78 kabla ya kutoboa tundu la sinki. Watu 4, si 2. Lisafirishwe likiwa limesimama kwa ubavu, limeegemea fremu ya mbao na kufungwa, lisilazwe kamwe. Likilala, shimo moja la barabarani linatosha kulikata katikati. Chini liwekewe mbao au matairi ya zamani, na lishikwe vivyo hivyo mkilishusha: wima mpaka mezani, ndipo linalazwa taratibu.

Tundu la sinki nitalikata nikiwa hapo hapo, kwa sababu ule ukanda mwembamba wa mbele ya sinki ndio unaovunjika zaidi wakati wa kubeba. Kama sinki ni ya kufungwa kwa chini, ukingo wa ndani wa tundu nao nitausaga mpaka 3000, maana mikono yako itakuwa humo kila siku. Uwe na sinki lenyewe nyumbani siku nitakayokuja. Vipimo vya kwenye boksi sivitumii.